Sukari ya Magunzi

Nyuma ya mashine ya kupukuchulia, Kisesa,
magunzi yamelala lundo, meupe, mepesi,
fizi zisizo na meno.
Mwenye mashine ananiuliza: "Ng'wana Shija,
umesoma hadi Morogoro urudi kuokota haya?"
Naokota. Viroba kumi na viwili.
Wa bodaboda anavifunga kwa mpira wa tairi, anacheka,
njia nzima hadi Nyakato anacheka.

Mama, wewe ndiye uliyenituma, bila kunituma.
Siku ile Bugando, daktari alipokunja karatasi
akasema "sukari",
kama mtu anayetaja jina la mwizi mbele ya watoto wake.
Ulirudi nyumbani ukageuza kikombe kifudifudi.
Miaka thelathini ya chai ya kuuma meno kwa utamu,
chai ya msibani, chai ya mahari,
na sasa unainywa kama anayelipa deni.

Gunzi lina sukari, nilikuambia. Ukanigusa paji la uso
kuona kama nina homa.
Lakini ina maficho yake humo ndani, imefungwa kwenye nyuzi ngumu
kama noti kwenye fundo la khanga.
Nasaga. Nachemsha kwa tone la tindikali
(magauni mawili yameshatoboka).
Nachuja kwa mkaa, naiachia chachu ifanye kazi yake usiku,
nami nakesha na kipimajoto;
umeme ukikatika, nalia.

Mara ya kwanza: uji mweusi, harufu ya soli inayoungua.
Mara ya nne: chungu.
Mara ya tisa sikuonja, nilimwaga, nikakaa juu ya jiwe
nikitazama ziwa lisilo na habari nami.
Mara ya kumi na moja, asubuhi,
chini ya sufuria, chembe.
Nyeupe. Chache kama meno ya kwanza ya mtoto.
Niliweka moja ulimini: tamu,
kisha baridi, baridi kama upepo wa Kirumba
kabla jua halijagusa mawe.

Nimekuandikia kwenye kopo, kwa herufi kubwa:
KIJIKO KIMOJA. TUMBO LIKINGURUMA, PUNGUZA.
MBWA ASILAMBE KABISA, ATAKUFA.
La mwisho ulilisoma mara mbili.
"Utamu wa watu, sumu ya mbwa.
Mwanangu, umetengeneza nini?"

Sijui vizuri.
Najua kwamba jana Bi Holo, anayekaanga mihogo njiapanda,
alifika Kisesa na tenga lake, kama kila Jumanne,
akaambiwa magunzi sasa yana bei.
Miaka yote aliyapikia. Bure.
Alinitazama, akajitwika tenga tupu, akaondoka.
Hakunitukana.
Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo leo nimefika Nyakato na viroba kumi na kimoja.
Kimoja nilikishusha mlangoni kwake, gizani,
kama mwizi anayerudisha.

Nawe, Mama, umekoroga, umeonja, umenyamaza.
Kijiko kimegonga ukingo wa kikombe mara moja.
"Ina baridi," umesema.
Kisha, baada ya muda mrefu:
"Niongeze maji ya moto."