Zima Kwanza

Tumekwama kona ya saba ya mlima wa Selim:
mimi, Niva aliyotuachia Vazgen
alipokwenda Urusi kujenga nyumba za watu,
na mama yake, Hripsime, kiti cha nyuma,
shavu limefungwa kitambaa.
Jino. Leo siku ya nne.
Daktari yuko Martuni, ng'ambo ya theluji.

Gia imekataa.
Nakanyaga klachi, nasukuma mkono wa gia:
krrr, kama mtu anayetafuna changarawe.
Narudisha, nasukuma tena. Krrr.
Ya pili, krrr. Ya nyuma, usiniulize.
Injini yenyewe yanguruma, haina habari,
kama mgeni anayekula huku wenyeji wakigombana.

Nalitukana kwa Kiarmenia, kisha kwa Kirusi,
maana gari lilizaliwa huko,
labda litaisikia lugha ya mama.
Nampigia Gurgen fundi. Mtandao hakuna.

"Zima," yasema sauti ya nyuma, ndani ya kitambaa.
"Mama, nikizima halitawaka."
"Nvard. Zima."
Miaka kumi na tisa naitikia sauti hiyo:
chumvi imezidi, Nvard; pazia, Nvard;
mtoto anakohoa, Nvard, husikii?
Nimezima.

Kimya cha mlimani kina baridi yake.
"Sasa tia ya kwanza."
Imeingia. Tk.
Kisu ndani ya jibini.
Ya pili, tk. Ya tatu. Zote,
pamoja na ile ya nyuma yenye kiburi.
"Basi giaboksi ni nzima, usiisingizie.
Injini ikizunguka, gia zinagoma; ikilala, zinakubali.
Anayeshindwa kuwaachanisha ni klachi.
Pedali ikoje mguuni?"

Nimekanyaga ili nisikie, si ili niende.
Yazama hadi sakafuni bila kubisha,
kama kukanyaga mkate uliolowa.
"Fungua boneti. Kikopo kidogo.
Si kile cha breki, nduguye."
Kikavu.
Nimelala chali barabarani, theluji ikiniingia kolani,
nikamulika kwa simu:
kisilinda kinachosukuma uma wa klachi kinalia,
tone, tone, rangi ya chai iliyolala.
Mpira wa ndani umekwisha.
Kitu chenyewe hakizidi pete yangu ya ndoa.

"Umejuaje?"
Anashika shavu. "Maziwa ya shamba la ushirika
nani aliyapeleka mjini, mwaka wa sabini na tatu?
Baba mkwe wako? Yeye hata toroli lilimshinda."
Na picha zote za ukutani, mimi nazifuta vumbi,
zote yumo na aproni.

Amehamia mbele.
"Klachi imekufa, usiiguse, iache ipumzike.
Tia ya kwanza, ndipo uwashe. Litaruka. Shika usukani."
Limeruka kama beberu aliyechomwa na mwiba.
Limekwenda.

"Ya pili. Achia mafuta. Toa gia. Ngoja.
Si sasa.
Sikiliza inavyoshuka.
Si sasa, nimesema.
Sasa."
Tk.
Mkono wake juu ya wangu, mifupa mitupu, vidole baridi,
ukinizuia pale nilipotaka kuwahi.

Huko chini, kondoo wa mtu wamejaza barabara.
Kusimama ni kuzima. Tumezima,
tumengoja mikia yote ipite,
tumewasha ndani ya gia, tumeruka tena,
naye akacheka, akalia kwa jino, akacheka.

Martuni nimeliegesha likitazama mteremko,
kama alivyoagiza.
Ametoka kwa daktari na pamba mdomoni,
hawezi kusema. Nvard haitamkiki.
Kaninyoshea kiganja: jino, ndani ya karatasi.
Kisha akaonyesha duka la vipuri upande wa pili,
akainua vidole viwili.
Ninunue mpira. Ninunue miwili.