Daftari Jekundu

Nilikuwa karani wake miaka kumi na mmoja.
Hotuba zake nilizipiga chapa kwa taipureta ya baraza
ambayo herufi yake ya k ilikuwa imevunjika mguu,
kwa hivyo kila "kwetu" ilitoka ikichechemea.

Shekuwe Famau hakuanza na watu. Alianza na maneno.
Diwani mpya wa Mkomani, kalamu mbili mfukoni,
siku ya kwanza alisimama akaipinga ajenda
kwa kuwa imeandikwa "jeti" pahali pa "diko".
Kikao kikavunjika saa nane, hatujalifikia suala la taka.

Nilimpenda kwa hilo. Sitakana.
Mamangu shuleni aliambiwa "mato" si neno,
akacharazwa mpaka akasema "macho";
na huyu alisimama mbele ya mkuu wa wilaya
akasema mato, akasema nti, akasema mai,
wala hakuomba radhi.

Halafu zikaja nyumba.
Ya kina Bi Rukiya kule Shela ilinunuliwa na mgeni wa Ulaya,
akachimba bwawa uani,
akapanga chupa zake za mvinyo ndani ya zidaka.
Shekuwe alizitaja barazani nyumba thelathini na nne,
moja moja, kwa majina ya wanawake waliozirithi,
bila karatasi.
Nililia juu ya taipureta.

Chama kikubwa kilimfukuza, cha pili kikamfungia mlango,
akasajili chake. Aliomba alama ya siwa.
Tume ikakataa, ikampa iliyosalia kwenye orodha:
kufuli.
"Afadhali," akasema. "Mlango bila kufuli ni pambo."
Wiki ile maduka ya Usita wa Mui yaliishiwa kufuli.
Vijana walizivaa shingoni kwa minyororo;
wawili walipoteza funguo, wakalala nazo.

*Nti hini ina wenyewe.*
Niliipiga chapa mara elfu na mia mbili.

Sikumbuki ni lini "wenyewe" walianza kupungua.
Walitoka kwanza wenye mabwawa, tukashangilia.
Wakafuata wa bara waliopewa mashamba ng'ambo.
Kisha waashi. Kisha wauza mitumba.
Kisha mwalimu wa hesabu kutoka Kitui
aliyewafundisha wanetu miaka ishirini kugawanya.
Jioni moja akaniwekea mezani daftari la jalada jekundu:
"Lali, andika jina, mtaa, na mwaka wa kuya."

Nikazunguka nalo. Safu ya tatu ilinitoa jasho.
Fundi cherehani wa Langoni: "Andika kabla ya moto."
Moto upi?
"Ule."
Bi Salama wa Gadeni hakuinua uso kwenye mbuzi ya nazi:
"Sisi hatukuya. Tuliletwa."
Na Kanini, muuguzi, aliyemzalisha mke wangu
usiku wa kukatika umeme, tochi kaing'ata kwa meno,
aliuliza tu: "Na mtoto wako utaandika alikuja lini?
Maana mimi nilikuwepo."

Nilimpelekea Ijumaa. Taa yake haikuzimwa hadi alfajiri.
Nilidhani atanena neno.
Akanena: "Safu ni nyembamba. Ipanue."

Sikuipanua. Sikukataa pia. Niliugua, kama waugavyo makarani.
Akashindwa kwa kura sitini na moja,
na hesabu ile niliipiga chapa mimi.

Siku hizi anaandika kamusi ya Kiamu, amefika herufi ya M.
Mato yamempunguka, huniita nimsomee, nami huenda.
Juzi tulibishana saa nzima juu ya neno "mgeni",
kama lihitaji mfano au linajieleza.
Hatukuafikiana. Alinimiminia kahawa kwa mkono unaotetemeka,
ikajaa sahani.

Daftari ninalo. Migongo ya kurasa bado ni meupe,
huandikia deni la maziwa:
Dhadho wa Mokowe, lita tatu.
Dhadho, lita mbili.
Alhamisi hakuja.