Bahasha Kwenye Oveni

Mwezi wa Julai, Valdivia, mvua haina adabu:
hainyeshi, inahamia. Inaingia ndani na viatu vyake.
Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni tunapanda ngazi za kituo cha afya,
watu sita, miavuli sita,
kila mmoja akijifanya amemsindikiza mwenzake.

Rayén, mwanasaikolojia, hana meza.
Ana jiko la mafuta ya taa, birika,
na maganda ya chungwa anayoyatandaza juu ya bati la moto
ili chumba kinukie kitu kingine, si makoti yetu.
Hasemi "poleni." Anauliza, "Nani amelala jana?"
Hakuna mkono.
"Haya. Tuanze."

Yasna amerudi nyumbani mara saba kabla ya kupanda basi,
kuangalia kama gesi imezimwa.
Mara ya saba akaipiga picha. Anatuonyesha simu:
vifundo vinne, vyote vimelala.
"Na bado," anasema, "picha yenyewe siiamini."

Edelmira anafuma. Tangu Machi anafuma kitu kisicho na jina,
kirefu kuliko skafu, chembamba kuliko blanketi.
Alikuwa na miaka tisa ardhi ilipotikisika na mto kuingia vyumbani.
"Watu hudhani naogopa tetemeko.
Ninachoogopa ni ile wiki ya baadaye,
wanapokuuliza kama uko salama
na wewe unasema ndiyo."

Ndugu wawili kutoka Corral hukaa karibu na mlango,
endapo.

Nolberto, dereva wa malori ya magogo,
hajatoa neno Alhamisi tano.
Kimya chake tumekiwekea kiti.

Mimi nilifundisha hesabu miaka ishirini na sita.
Sonona haikunijia na machozi, nilivyodhani ingekuja.
Ilikuja na bahasha.
Siku moja sikufungua moja. Kesho yake mbili.
Nikawa naziweka kwenye oveni,
maana nyumbani kwangu hakuna anayeoka tena
na mlango wa oveni hufunga vizuri.
Mficha maradhi, husemwa, kifo humuumbua.
Kifo hakijanifikia. Wameniumbua hawa.

Kwani Alhamisi iliyopita nilitamka,
kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate,
"Nina bahasha arobaini na moja kwenye oveni,"
na Yasna akadakia: "Gesi imezimwa?"

Tulicheka. Hata Nolberto, mabega tu.
Sikumbuki lini tena moyo ulinienda mbio
kwa jambo lisilo hatari.

Leo nimezileta ndani ya mfuko wa mkate.
Edelmira anazipasua kwa sindano ya kufumia
kama anayetumbua samaki.
Maji. Maji, onyo. Umeme.
Tangazo la magodoro. Tangazo la magodoro.
Miezi yote ile nimekesha
nikiogopa godoro lililopunguzwa bei.
Rayén anaandika namba ubaoni, anajumlisha, anakosea,
na mimi nimeshasimama, chaki mkononi,
kabla sijajua kwamba nimesimama.
Kama alikosea makusudi, sitamuuliza.

Deni ni kubwa.
Si kubwa kama usiku.

Imebaki moja. Mwandiko wa mkono. Mwandiko ninaoujua.
Birika linaanza kulalamika na hakuna anayelinyanyua.
Sindano imesimama hewani.
Vidole vyangu vimeshaanza ile kazi yao.

Ndipo Nolberto, sauti ina kutu kama bawaba:
"Hiyo iache ilale."

Naitia mfuko wa ndani wa koti.

Chini mlangoni tunafungua miavuli,
Rayén anazungusha ufunguo,
na Yasna anaganda katikati ya mvua.
Hasemi kitu. Anatazama dirisha la juu.
"Jiko," anasema mmoja wa ndugu wa Corral.

Hakuna anayeguna.
Ufunguo unarudi kwenye tundu lake,
na sote, makoti yakitiririka,
tunapanda ngazi tena.