Karagosi wa Kumi na Saba

Babu Gesualdo alimchonga kwa mti wa mlozi,
vipande viwili, makusudi:
kiwiliwili, na kichwa kinachotoka.
Kulabu moja shingoni, waya mmoja,
nawe ukivuta
kinaanguka, kinabiringika hadi kwenye taa za mbele,
na uchochoro mzima wa Ballarò unapiga makofi.

Wenzake kumi na sita wana majina, wana farasi,
wana wachumba waliofungiwa minarani.
Huyu daftari linamwita *Adui, kutoka ng'ambo.*
Miaka tisini na mmoja amekufa kila Jumamosi,
na kila Jumapili kafungwa upya
kama shati linalotiwa kifungo.

Mimi, Agatina, nimerithi waya, kutu
na deni la umeme.
Mabenchi yalipoanza kubaki matupu
alikuja bwana wa halmashauri, mwenye viatu visivyolia,
akaniambia: hadithi ya usiku kumi na tano
ifanye dakika arobaini.
Tia moshi. Tia taa za zambarau.
Watalii wana meli saa kumi.

Nikatia. Nikakata.
Nilimwondoa mchawi, nikamwondoa askofu,
vita vitatu nikavikunja kama sweta za baridi
vikaenea katika droo moja.
Hakuna aliyelalamika. Kukata ni rahisi,
mkasi hauna babu.

Kisha Ghofrane wa ghorofa ya juu,
ambaye mama yake hufua mashuka ya hospitali,
akabaki benchini taa zilipowashwa,
miguu haijafika sakafuni.
Nilikuwa nimejiandaa kwa *mbona anakufa.*
Yeye akauliza: "Huyu anaitwa nani?"

Hana jina, nikasema.

"Basi chakula kikiiva wanamwitaje?"

Usiku ule nililifungua daftari.
Maandishi ya babu, wino wa kahawia:

*Toka mbele we adui, shingo yako naijua,*
*Upanga haubagui, ukishuka unaua.*

Na pembeni, kwa penseli, herufi zimeinama
kama watu wanaopita chini ya mlango mfupi:
*Hapa subiri. Mkono unauma.*
Babu yule yule aliyetuambia mezani
kwamba watu hulipia kichwa, hawalipii maneno.

Nikachonga penseli yangu.
Nilitaka maneno ya siku hizi, mapesi, ya simu,
lakini karagosi hutembea kwa mapigo nane, nane,
goti lake la chuma halijui mwendo mwingine.
Nikafuta ukurasa mzima. Nikaanza tena:

*Nami pia nina jina, nalo halijaulizwa,*
*Mama ndiye alonena, leo ndipo latangazwa.*

Jina lenyewe alilichagua Ghofrane,
la mjomba wake wa Sfax, fundi wa majokofu.
Wannes.

Jumamosi hiyo sikutia moshi.
Upanga ulipopanda, akasema beti lake.
Mzee wa mstari wa tatu, aliyekariri hadithi yote
tangu alipokuwa akinyonya kidole,
alifungua mdomo amtangulie, asijue la kusema.

Nilikuwa nimeshaamua: leo ataishi.
Waya nilikuwa nao, nimeulegeza.
Sikuvuta. Naapa kwa mifupa ya babu sikuvuta.
Lakini kulabu ina mazoea,
na mbao, tisini na moja ni miaka mingi:
kichwa kikatoka chenyewe,
kikagonga jukwaa, kikabiringika
hadi pale pale.

Mikono iliinuka kupiga makofi
ikabaki hewani, kama nguo kwenye kamba
siku isiyo na upepo.

Ghofrane akateremka benchini.
Akakiokota kwa mikono miwili,
akapangusa vumbi la paji la uso,
akanipitishia chini ya pazia
vile umrudishiavyo mpita njia
sarafu iliyomtoka mfukoni.

"Umemwangusha Wannes," akasema.