Mzigo Usiodaiwa

Katoni ilishuka na treni ya kutoka pwani mwezi Machi,
imefungwa kwa kamba ya katani, jina limelowa,
nami, karani wa mizigo stesheni ya Tabora,
nikaandika daftarini: vitabu, kilo kumi na moja.
Miezi sita tungoje, kisha mnada.
Mwezi wa pili panya walitoboa kona.
Niliifungua ili kuokoa. Ndivyo nilivyojieleza.

Sita. Vinene kama matofali ya Isevya,
majalada meusi: upanga, kunguru, mlima unaofuka.
Cha nne hakimo.

Nilianza usiku ule treni ya Kigoma ilipochelewa.
Kwanza ramani, miji yenye majina
yanayokwama kooni kama mwiba wa perege.
Ukurasa wa tisa mfalme anamla farasi wake.
Ukurasa wa arobaini ananyongwa mtoto,
mtu wa pekee aliyekuwa na adabu.
Nikafunga. Nikaapa. Nikafungua.

Kiingereza chake si kile cha risiti.
Neno moja nililihangaikia kamusini hadi alfajiri,
kumbe ni chombo cha kutesea watu,
nikajuta kulijua.
Na majina! Ukoo mmoja una wakuu kumi na wanne,
wote wanaanza kwa V.
Basi nikawabatiza upya, nyuma ya fomu za tumbaku:
jemadari wa jicho moja nikamwita Kapela,
malkia mwenye sumu ndani ya pete, Nyanzobe,
na mchawi anayelipa kila uganga kwa kidole
nikamwita Mihambo, maana Mihambo wa Cheyo
naye anavyo saba, vilivyoachwa na mashine ya kukoboa.
Hapo wakaanza kutembea.

Saa nane usiku Kalunde alinikuta nalia.
"Nani kafa?"
"Kapela."
Tayari alishajifunga kanga ya pili, anatafuta viatu aende msibani,
ndipo nikalazimika kumweleza
ni Kapela yupi.
Alinitazama kama mzani ulioharibika.

Nilitaka kuacha, sitaficha.
Cha tatu kina kurasa mia za njaa tupu,
na mwandishi kila ukishika komeo anaukata mkono.
Lakini mwezi ule mama alilazwa Kitete,
na daktari kila asubuhi, "tunaangalia,"
na kesho yake, "tunaangalia,"
nami kando ya kitanda nimo ndani ya mji uliozingirwa
ambako angalau adui ana bendera,
ukuta una kimo,
na yupo mtu anayehesabu magunia.
Mama akauliza kinasemaje. Nikamsimulia kwa Kinyamwezi,
mji, ukuta, moto.
Akasikiliza, macho kafumba.
"Hao watu," akasema, "hawana majirani?"
Sina jibu mpaka leo.

Cha tano nilikiingia kama mgeni aliyechelewa kikao:
Nyanzobe hana mkono,
kila mtu ananong'ona juu ya Usiku wa Chumvi,
na mimi Usiku wa Chumvi siujui.
Nikautunga mwenyewe, mara tatu.
Mara ya tatu wote walipona,
hata mtoto yule wa ukurasa wa arobaini,
ingawa yeye alikufa kitabu kingine.

Na cha sita kinaishia mlango unafunguka.
Kinaishia hapo. Cha saba, jalada la nyuma linasema,
kitakuja.
Mimi ni mtu wa reli, neno hilo nalijua.

Siku tano kabla ya mnada alikuja msichana
na stakabadhi iliyokunjwa mara nane. Nchambi,
wa chuo cha ualimu.
"Kaka alinitumia. Kimoja kabaki nacho, hajamaliza."
Kalamu ikanigoma.
"Cha nne?"
"Sijui. Kuna cha nne?"
Akanyanyua katoni, akaishusha. "Vinatisha?"
"Anza mchana," nikamwambia. "Na usimpende mtu upesi."
Kisha, sauti yangu ikiwa ndogo kuliko nilivyotaka:
"Huyo kaka yako,
huwa anapita Tabora?"

Nimebaki na fomu ya tumbaku mfukoni,
watu sitini, nusu yao marehemu.
Ubaoni nimeandika kwa chaki: Kigoma, saa nne zaidi.
Sina cha kusoma.