Chuma

Kwenye kona ya Barabara ya Kumi, Mbale,
Wamimbi anachonga meno ya ufunguo kwa tupa.
Khainza karudi shule na daftari:
"Baba, Waingereza kufuli huichuma,
neno lile lile la kahawa."

Akacheka. Buni nimechuma Bududa
hadi viganja vikanata.
Kufuli naibembeleza kwa waya
mpaka ikohoe.

Jioni mjane akaleta sanduku la mumewe,
kutu imejaa tunduni.
Bei hakuuliza.
Wamimbi akainama, sikio juu ya chuma,
vidole vikikumbuka tawi:
mbivu huachia yenyewe,
mbichi ukiivuta
inakuja na jani.

Kufuli ikaachia.

Ndani, ndani ya leso:
ufunguo mwingine.