Masika Wawili

Karani wa Kasese amesimamisha kalamu juu ya fomu:
"Masika hapa, na Masika hapa tena.
Mama, jina moja umeliandika mara mbili."

Hapana, bwana. Sisi ni wawili.
Kwetu milimani jina ni hesabu:
binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho,
na hesabu huanza upya kwa kila tumbo.
Baba mmoja, matumbo mawili:
yuko Masika wa Kyondo, na niko mimi, wa bondeni.

"Ushahidi?"

Nimekuja nao ndani ya mfuko wa sukari:
kadi ya kliniki, panya wameila mpaka kwenye surua;
risiti ya karo, muhula wa pili, saini yake
imeinama kushoto kama mtu aliyebeba gunia;
barua ya mwenyekiti wa kijiji, muhuri elfu kumi,
wino wa muhuri elfu mbili zaidi;
picha ya msiba, mimi ndiye lile nusu sikio
nyuma ya baba mdogo Thembo.

Thembo ndiye aliyesema, udongo ungali mbichi,
kwamba kaka yake hakuacha wosia wala mtoto wa bondeni.
Wosia, kweli, hakuacha.
Aliacha mikahawa mia tatu na arobaini,
deni la dawa ya kunyunyizia,
na jina Bwambale, ambalo kitambulisho kinasema Mbwambale
na chama cha akiba kinasema Bwambali.
Hata marehemu atahitaji shahidi.

Mlango ukalia. Mwanamke, matope ya Kyondo miguuni.
Tangu mazishi hatujasalimiana.
Akalaza kitambulisho chake kando ya changu.
"Andika wote wawili. Huyu alipozaliwa
baba alipanda mche nyuma ya jiko letu.
Mama akaukata.
Ukachipua."

Karani akahamisha macho, pua hii, pua ile.
Tangazo libandikwe siku kumi na nne, akasema,
mwenye pingamizi ajitokeze,
nanyi mrudi na nakala tatu.

Siku kumi na nne! Na kahawa imeshaiva,
haijui kusoma tangazo.
Leo tumeamkia shambani, kila mtu na kikapu chake.
Thembo amesimama mpakani, anaita, "Masika!"
apate kuona ni nani atakayegeuka.

Tumegeuka sote.